Seli shina: tuanze kwa kusomesha watafiti

Mzazi mwenye mtoto wa selimundu anaujua usiku wa maumivu. Ndiyo maana tulifurahi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipoanza kuwapandikiza watoto hao uloto. Humo ndimo zilimo seli shina zinazotengeneza damu. Zikitoka kwa ndugu mzima ambaye vinasaba vyake vinalingana na vya mgonjwa, mtoto anaweza kupona kabisa.

Shida ni kumpata huyo ndugu. Kwa kila mtoto wa baba na mama mmoja, uwezekano wa kulingana ni robo tu. Wengi watamkosa.

Hao wanasubiri utafiti. Wapiga kura wa California waliidhinisha dola bilioni 3 za seli shina mwaka 2004, na ruzuku za kwanza, mwaka 2006, zilikwenda kufundisha watafiti vijana vyuoni. Sisi huanza na jengo, na utepe wa kukata. Bajeti ijayo isomeshe vijana wetu wa Muhimbili na Dodoma hadi shahada ya uzamivu, kwa fedha zisizokatika katikati ya masomo. Wazazi, mbunge akija jimboni, muulizeni hilo.