Gari la Zamani Likikohoa Mlimani

Gari la zamani huficha ugonjwa wake wakati wa kupumzika, likaudhihirisha wakati wa kazi. Asubuhi likiwashwa huitika mara moja. Likisimama hunguruma kwa utaratibu. Na katika barabara ya tambarare, bila mzigo, hukimbia vema hata mwenyewe akasema halina neno. Lakini likitiwa mzigo na kuelekezwa mlimani, huanza kukohoa, kushtuka-shtuka na kupoteza nguvu, na pengine kuzimika kabisa. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa wenye magari wengi hukimbilia dukani kununua vyombo vipya kabla ya kujua ni kipi kilichoharibika. Na fedha si kitu pekee kinachoweza kupotea, kama inavyoonyesha habari ya mzee mmoja wa upande wa Kinangop.

Mzee huyo alikuwa na Land Rover ya petroli, aina ya Series IIA, ambayo ilitengenezwa Uingereza tangu 1961 hadi 1971. Kila asubuhi dereva wake, kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa nne wa kazi hiyo, alichukua maziwa ya mzee na ya majirani, akapanda nayo mlima mpaka mahali penye mtambo wa kuyapoza. Siku moja gari likaanza kukohoa katikati ya mlima. Dereva akalisimamisha, akangoja dakika kumi, likawaka, likaenda kitambo, kisha likakohoa tena. Mara mbili katika juma moja maziwa yalifika jua limekwisha kuwa kali; yakapimwa, yakakataliwa.

Mzee akanunua plagi nne mpya. Gari likakohoa. Akanunua kabureta. Gari likakohoa vile vile. Ndipo shaka ikamwingia kwamba dereva alikuwa akiiba petroli na kutia mafuta ya taa mahali pake. Akamwambia, "Kijana, mwisho wa mwezi utafute kazi kwingine." Dereva akajibu, "Mzee, sikuchukua hata tone moja. Lakini gari ni lako, na amri ni yako." Wala hakusema zaidi.

Jirani mmoja, ambaye maziwa yake pia yalikuwa yamemwagwa, akamshauri mzee amwite kwanza fundi wa zamani aliyekaa karibu na soko.

MASWALI KABLA YA SPANA

Fundi alipofika hakufungua kitu. Aliuliza maswali, tena alimwuliza dereva, kwa maana ndiye aliyekaa na mgonjwa kila siku. Je, gari hukohoa mwanzo wa mlima au baada ya kupanda kitambo? Je, hukata nguvu ghafula kama taa iliyozimwa, au hulegea kidogo kidogo? Je, likipumzishwa hupona? Je, moshi wake una rangi gani? Je, kuna siku ambazo ugonjwa huzidi?

Dereva akajibu kwamba hukohoa baada ya kupanda kama maili mbili. Kwamba hulegea kidogo kidogo. Kwamba likipumzishwa hupona kwa muda. Kwamba moshi si mweusi. Na kwamba, jambo la ajabu, ugonjwa huzidi siku ile tangi limejazwa hata juu.

Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Dalili ya mvua ni mawingu. Mzee, maneno haya ya kijana ni nusu ya kazi."

KWA NINI MZIGO HUFICHUA UGONJWA

Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli na hewa kwa kipimo chake, cheche ya moto kwa wakati wake, na silinda inayofunga barabara ili mgandamizo usivuje. Gari likisimama, injini hutumia petroli kidogo sana. Likipanda mlima na mzigo, hutaka zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Mrija ulioziba nusu waweza kuitosheleza injini iliyopumzika, lakini hauwezi kuitosheleza inayofanya kazi. Petroli iliyomo ndani ya bakuli la kabureta hupungua upesi kuliko inavyoingia, na injini hukohoa kwa njaa.

Cheche nayo hujaribiwa vivyo hivyo. Dereva akikanyaga mafuta sana, hewa nyingi huingia katika silinda na kugandamizwa kwa nguvu zaidi. Cheche ni ngumu kuruka mahali penye mgandamizo mkubwa. Koili iliyochoka, au waya uliopasuka, huweza kutoa cheche ya kutosha tambarare, kisha ikashindwa mlimani.

Tofauti ya magonjwa haya mawili mara nyingi husikika. Njaa ya petroli huja polepole, na gari likipumzika hupona, kwa sababu bakuli la kabureta hupata nafasi ya kujaa. Kasoro ya cheche hukata ghafula, injini ikashtuka, na pengine mlio kama wa bunduki hutoka katika bomba la moshi. Tena kuna jaribio lisilogharimu hata senti: dereva akivuta choki kidogo wakati gari linapokohoa mlimani, na likapata nguvu, basi injini ina upungufu wa petroli, au hewa inaingia mahali isipotakiwa.

SAFARI YA PETROLI

Kwanza fundi alitaka kujua kama petroli ilikuwa safi. Akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, kando kabisa na moto. Likakauka upesi, wala halikuacha alama. Mafuta ya taa yangaliacha doa la mafuta. Mzee akalitazama karatasi lile, asiseme neno.

Kisha akafungua kibakuli cha kioo kilicho katika pampu. Humo ndimo maji na kutu hukusanyika. Maji huonekana chini kama shanga, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Kibakuli kilikuwa safi. Akaikagua mipira ya petroli, kwa sababu mpira wa zamani ukipasuka kati ya tangi na pampu, pampu hunyonya hewa badala ya petroli, hata kama hakuna tone linaloonekana chini ya gari. Mipira ilikuwa mizima.

Baada ya hayo akaondoa waya wa koili ili pasiwe na cheche, akautoa mrija wa petroli katika kabureta, akautia ndani ya chupa, na dereva akaizungusha injini kwa starta. Petroli ikaruka kwa nguvu, tena bila mapovu. Kazi hii yafaa kufanywa nje, injini ikiwa imepoa, mchanga uwe karibu, wala mtu yeyote asivute sigara. Gari laweza kununuliwa tena, lakini mkono ulioungua haununuliwi.

Basi pampu ilikuwa nzima. Fundi akasema waende mlimani na madebe yamejaa maji badala ya maziwa. Baada ya maili mbili gari likaanza kukohoa. Fundi akashuka, akafungua kifuniko cha tangi. Pakasikika sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi. Kifuniko kikaachwa kimelegea, na gari likapanda mpaka juu bila kukohoa hata mara moja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fundi akakigeuza kifuniko, akaona kipande cha mpira wa tairi kimekatwa mviringo na kubanwa ndani, kimeziba tundu dogo la kupitishia hewa. Petroli inapotoka katika tangi, hewa hapana budi iingie mahali pake. Isipoingia, tangi huishikilia petroli kama chupa iliyopinduliwa, na pampu hushindwa kuivuta. Na tangi likijaa sana huwa na hewa kidogo tu juu ya petroli. Hewa hiyo hupungukiwa nguvu upesi, na ndiyo maana ugonjwa ulizidi siku za kujaza. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtetea dereva, kwa maana mwizi hupunguza petroli, hazidishi.

KAMA SI PETROLI

Si kila kikohozi hutoka tangini. Kama petroli yafika vema, yafaa kukagua moto. Plagi hutoa ushahidi wake kwa rangi. Iliyo na rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Nyeupe huonyesha petroli ni kidogo au injini imepata joto mno. Nyeusi yenye masizi makavu huonyesha petroli imezidi, au cheche ni dhaifu. Yenye mafuta mabichi huonyesha oili ya injini inapanda ndani ya silinda.

Usiku, gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, bonati hufunguliwa na waya za plagi zikatazamwa gizani bila kuguswa. Vimulimuli vya buluu vikionekana kando ya waya, moto unavuja. Kofia ya distribyuta nayo itazamwe kwa ndani: mstari mwembamba mweusi ni njia ya moto uliopotea. Pointi zilizochimbika hutakiwa kubadilishwa, na nafasi yake ipimwe. Katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule ni karibu milimita 0.35 hadi 0.40, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho.

Yako pia mambo mawili ambayo wenye magari huyasahau. La kwanza ni urefu wa nchi. Kabureta iliyopimwa Mombasa, penye usawa wa bahari, haifai sana katika nchi iliyo mita 2,500 juu, kwa kuwa huko uzito wa hewa umepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Petroli huzidi hewa, moshi huwa mweusi na plagi hujaa masizi. Dawa yake ni kupunguza petroli katika kabureta. Hata hivyo, injini iliyo nzima nayo hupungukiwa nguvu katika nchi ya juu. Huo si ugonjwa, na dereva yampasa kutumia gia ndogo mapema.

La pili ni vali. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa faida ya afya za watu, hasa watoto. Lakini katika baadhi ya injini za zamani risasi hiyo ilikinga viti vya vali za moshi. Pasipo risasi, viti laini huliwa kidogo kidogo, vali zikazama, na injini ikipata moto hazifungi tena sawasawa. Kama nafasi za vali hupungua kila mara baada ya kurekebishwa, na mgandamizo wa silinda moja ni mdogo kuliko wa nyingine, plagi wala kabureta mpya haitasaidia. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye zana zake, na dawa yake ni kutia viti vigumu.

Mpango, basi, ni huu: kuuliza, kutazama, kujaribu, na mwisho kununua. Tena kubadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe katika mlima ule ule kwa mzigo ule ule. Anayebadilisha vitu vitatu pamoja, hata gari likipona hajui lilikuwa linaumwa nini.

Fundi alipouliza ni nani aliyeutia mpira ule, dereva akatazama chini. Mzee ndiye aliyejibu. Miezi mitatu nyuma aliona petroli ikimwagika kifunikoni wakati wa kupanda, akachelea hasara, akakata mpira kwa mkono wake mwenyewe. Kitambo kikapita pasipo neno. Kisha akasema, "Kijana, neno nililokuambia, nimelifuta. Na zile fedha za kabureta, ningalikuuliza wewe kwanza, ningali nazo."

Mpira ukatupwa, tundu likasafishwa kwa sindano. Kesho yake maziwa yalifika juu ya mlima kabla ya saa mbili.