Tumbo la Mtoto wa Pwani na Dawa Isiyo Yake

Katika pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi mjini, si ajabu kumwona mzazi akitoka duka la dawa na antibiotiki mkononi kwa ajili ya mtoto aliyeanza kuhara usiku. Kinyesi hakikupimwa, wala mganga hakuulizwa. Mzazi huyo hastahili kulaumiwa upesi. Zahanati yaweza kuwa mbali, na njia yaweza kukatika, kama ilivyokatika barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kwa mafuriko ya Mei 2024. Hata hivyo, hapana budi wananchi waelezwe kwamba desturi hiyo ina makosa mawili. La kwanza linafahamika tangu zamani. La pili limeanza kufahamika katika miaka ya karibuni tu, na ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Kosa la kwanza ni kumpiga asiyekuwapo. Sehemu kubwa ya maradhi ya kuhara kwa watoto wachanga haitokani na bakteria, bali na virusi. Mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake waliviona kwa darubini ya elektroni virusi vya rota katika utumbo wa watoto wagonjwa. Baadaye ilidhihirika kwamba hivyo ndivyo vilivyoongoza duniani kwa kuwaharisha watoto vikali. Antibiotiki huua bakteria, virusi haivigusi.

Kosa la pili ni kuwapiga waliokuwapo bila kuwajua. Utumbo wa binadamu wafanana na bandari ya kale kama Kilwa Kisiwani. Ndani yake wanaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao wakiwa wakazi wenye kazi zao: kusaga mabaki ya chakula, kutengeneza baadhi ya vitamini na kuwazuia wageni wabaya wasipate mahali pa kukaa. Ukutani wamejipanga walinzi, yaani chembe za kinga, ambazo hujifunza kazi yao kwa kuishi pamoja na wakazi hao tangu mtoto anapozaliwa. Virusi vinapoingia kwa njia ya maji au chakula kichafu, havikuti nyumba tupu. Vinakuta mji wenye wenyewe.

Majaribio ya panya yameonyesha jinsi mji huo unavyojitetea. Mwaka 2014 watafiti wa Atlanta, Marekani, waliwadunga panya protini inayopatikana katika mikia ambayo bakteria huogelea nayo. Kinga ya mwili iliamka, ikatoa protini mbili za kupashana habari, intalukini 18 na intalukini 22, nazo kwa pamoja zikazuia na hata kuponya maambukizo ya virusi vya rota. Mwaka 2019 maabara hiyo ilieleza jambo la kushangaza zaidi. Panya fulani, ingawa kinga yao ilikuwa na kasoro, hawakushikwa na virusi hivyo kwa sababu tumboni mwao waliishi bakteria wenye umbo la uzi. Bakteria hao waliharakisha kubadilishwa kwa chembe za ukuta wa utumbo, na virusi vikakosa mahali pa kushika. Kumbe bakteria wanaweza kusaidia kwa kuwaamsha walinzi, na wanaweza pia kusaidia bila walinzi hao.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, hakuna majaribio yaliyoonyesha kinyume? Yapo, na si haki kuyaficha. Mwaka 2011 watafiti wa Texas walionyesha kwamba panya waliopewa antibiotiki waliugua polio kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa virusi vya polio hujishikiza kwa vitu vilivyomo katika ngozi ya bakteria na hivyo kupata nguvu ya kuingia katika chembe za mwili. Mwaka 2014 huohuo, watafiti wa Atlanta nao waliona antibiotiki ikipunguza maambukizo ya virusi vya rota kwa panya. Kila mji una mkazi anayemfukuza adui, na una mkazi anayemfungulia mlango.

Je, basi mzazi wa Kivinje alikuwa sahihi? La. Panya wa maabara huishi katika kizimba safi na hulishwa chakula kimoja, hali mtoto hunyonya, hutambaa mchangani na hunywa maji ya kisima. Tena jambo linalokaribiana na hili limekwisha kujaribiwa kwa watoto. Huko Vellore, India, watoto wachanga zaidi ya 700 waligawanywa. Wengine walipewa antibiotiki iitwayo azithromaisini kabla ya matone ya chanjo ya polio, wengine wakapewa dawa ya mfano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Bakteria wa maradhi walipungua, na dalili za uvimbe wa utumbo zilipungua, lakini kinga itokanayo na chanjo haikuongezeka. Kufagia mji wote kwa matumaini ya kumpata msaliti mmoja hakukuleta faida iliyotarajiwa.

Jambo hili lahusu pia chanjo inayotegemewa na taifa. Tanzania ilianza kutoa matone ya chanjo ya virusi vya rota mwanzoni mwa mwaka 2013, na chanjo hiyo imeokoa watoto. Lakini matone hayohayo hayana nguvu moja kila mahali. Katika Ulaya yalizuia zaidi ya 90 kwa mia ya maradhi makali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 yalizuia takriban 77 kwa mia Afrika Kusini, na takriban 49 kwa mia Malawi, jirani wa Tanzania. Sababu zinazotajwa ni kadha wa kadha: kinga aipatayo mtoto kwa mama yake, lishe duni, utumbo uliochoshwa na uchafu wa mara kwa mara, na aina za bakteria waliomo. Nusu hiyo inayopotea ni watoto, si tarakimu.

Kwa hiyo yafaa utafiti wa tumbo la mtoto wa Lindi ufanyike Lindi. Kwamba kazi hiyo yawezekana nchini kumekwisha kuthibitika. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2025, vijana wa kiume wa Kilimanjaro walioacha chakula cha asili na kula chakula cha kizungu kwa majuma 2 tu walionekana kuwa na dalili zaidi za uvimbe katika damu, na chembe zao za kinga zikapungukiwa na wepesi wa kujibu vijidudu. Aidha, mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa togwa: watoto wa Tanzania walioinywa mara moja kwa siku kwa siku 13 walikutwa na bakteria wachache wa maradhi kuliko waliokunywa uji usiochachuka. Utafiti huo haukuhusu virusi, na togwa isigeuzwe kuwa chanjo. Lakini unaonyesha mahali pa kuanzia. Muhogo, samaki na nazi za pwani hulisha bakteria gani? Bakteria hao huzisaidia chembe za kinga za mtoto, au huvifungulia virusi mlango? Maswali hayo hayatajibiwa Atlanta.

Wakati majibu yakisubiriwa, yanayojulikana yatosha kutendwa. Mtoto anayehara anyweshwe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 kama Shirika la Afya Duniani lilivyoagiza tangu 2004, na aendelee kunyonya. Antibiotiki ingojee agizo la mganga, hasa penye damu katika kinyesi au kipindupindu. Matone ya chanjo yakamilishwe, kwani nusu ya kinga ni bora mara nyingi kuliko kukosa kabisa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kuchimba vyoo ili kuwazuia vijidudu wa nje. Kizazi cha leo chadaiwa somo la pili: kuwatambua wale wa ndani kabla ya kuwaua.