Sumaku Iliyochomwa kama Chungu

Wajua kwamba chungu hakivutwi na sumaku, wala hakipitishi umeme. Lakini kipo kigae kifanyacho yote mawili, nacho hutengenezwa kwa njia ambayo mfinyanzi yeyote angeielewa.

Huchukuliwa unga wa namna tatu: oksaidi ya lanthani, kaboneti ya stronti na oksaidi ya manganisi. Hupimwa kwa mizani ya uangalifu, husagwa pamoja, kisha huchomwa kwa saa nyingi katika joto la digrii 1,000 hivi. Hutolewa, husagwa tena, hushindiliwa kuwa kidonge, na kurudishwa motoni, safari hii digrii 1,200 au zaidi. Mbona kusaga mara ya pili? Kwa sababu unga huo hauyeyuki. Chembe huingiliana pale tu zinapogusana. Mvivu wa kusaga hupata kigae chenye mabaka.

Waliovumbua sumaku ya namna hii ni Jonker na van Santen, kule Eindhoven, Uholanzi, mwaka 1950. Kigae hicho ni cha ukoo wa perovskaiti, jina la jiwe lililopatikana milima ya Ural huko Urusi mwaka 1839.

Basi nguvu yake yatoka wapi? Kila elektroni ni kama sumaku ndogo mno. Bila stronti, safu moja ya manganisi huelekea huku na safu ya pili kule, zikavunjana nguvu. Ukiweka stronti mahali pa theluthi moja hivi ya lanthani, baadhi ya manganisi hupungukiwa elektroni moja, na nafasi hubaki wazi. Elektroni ya jirani huirukia nafasi hiyo, lakini huruka kwa urahisi ikiwa majirani wote wawili wameelekea upande mmoja. Hivyo zote hupangana. Umeme na sumaku vyaja pamoja.

Katika baridi kali, karibu elektroni zote zipitazo huelekea upande mmoja. Hilo ndilo watakalo wataalamu wa spintroniki, yaani ufundi wa kutumia mwelekeo wa elektroni, wala si chaji yake tu.

Taabu ni joto. Chuma huacha usumaku kwenye digrii 770. Kigae hiki huuacha kabla ya digrii 100: kitie katika maji yachemkayo kwetu pwani, usumaku umekwisha, kikipoa, warudi. Na hata katika joto la chumbani mpangilio ule umekwisha kulegea sana.

Mwaka 1998 Wajapani walionyesha ndugu yake, wa stronti, chuma na molibdeni, anayevumilia hadi digrii 140 hivi. Naye ana udhia wake: chuma na molibdeni sharti zipishane moja kwa moja, kama miraba ya ubao wa drafti. Kila zinapobadilishana mahali, usumaku hupungua.