Rezo ilikufa, forfe ikaendelea kuisha

Sisi vijana wa Mikelenge tunauliza: wiki mbili rezo haiko, nani atarudisha mega zetu? Mtu alinunua forfe ya mwezi, nusu yake imeisha simu ikiwa kimya. Mwenye mgonjwa Alunguli anavuka Lualaba na mtumbwi ili tu ajue kama ameamka. Simu ya waya nani anayo hapa Kindu?

Kampuni inasema ni pane, tuvumilie. Sawa, mitambo inaharibika. Lakini wasituambie eti kuhesabia kila mteja siku alizopoteza ni kazi ngumu. Tangu 2020 mpaka 2022 ushuru wa RAM ulikatwa ndani ya unite zetu wenyewe, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G. Siku ile mashine zilijua kuhesabu.

Tunadai siku zote zilizopotea ziongezwe kwenye forfe, bila mtu kwenda kuomba ofisini. Wandugu, musifute SMS ya forfe, muandike siku rezo ilikatika na siku ilirudi. Barua tunaipeleka kwa kampuni, kopi kwa ARPTC kule Kinshasa.