Soda Isiyo na Sukari na Sahani ya Pili

Jambo hili tunaliona katika kila shughuli yetu hapa Sydney, iwe Auburn au Blacktown. Mtu amepakua pilau mara ya pili, sambusa tatu pembeni, halafu akipewa soda anainua mkono: "Hapana, nipe ile isiyo na sukari, napunguza mwili." Nasi tunacheka, kisha tunachukua ile ile.

Tuipe soda hiyo haki yake kwanza. Kopo la kola yenye sukari la hapa Australia, mililita 375, lina sukari gramu 40 hivi, yaani vijiko kumi vya chai. Aliyekuwa akinywa hilo kila siku akabadili, amepunguza kitu cha kweli. Huko Uholanzi watoto 641 walifuatiliwa kwa miezi 18, na matokeo yakatolewa mwaka 2012: waliopewa kinywaji kisicho na sukari waliongezeka uzito pungufu kwa kilo moja hivi kuliko wenzao.

Lakini watoto wale walikuwa tayari wanywaji wa soda. Sisi je? Kwetu soda ilikuwa ya sikukuu na ya mgeni. Mtoto alitumwa dukani na chupa tupu mkononi. Tulipofika huku tukaikuta kwa katoni, tukaifanya maji ya kunywa. Kwa wengi wetu kopo hili halikuondoa kopo la sukari mezani. Liliondoa maji, kisha likatupa ruhusa ya sahani ya pili.

Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitamu hivi visitumiwe kudhibiti uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Watatokea wa kubisha kwamba wanene ndio wanaovikimbilia, hivyo takwimu zinapotosha. Yawezekana, na shirika lenyewe liliuita ushauri huo wa masharti. Wala hatusemi ni sumu, kama wanavyotishana watu kwenye simu. Tunasema si dawa, na tuache kuinywa kama dawa huku kisukari kinabisha hodi majumbani mwetu.

Kamati za harusi na za Idi tunaziomba hili: majagi ya maji yatangulie mezani kabla ya soda ya aina yoyote. Maji ya bomba ya Sydney ni safi, na hayana bei ya katoni. Anayeona haya kumpa mgeni maji matupu, akamulie ndimu.