Uzio wa Mwanga

Wapo wasemao kuwa Kiswahili ni lugha ya mahaba na maombolezo, na kikifika kwenye atomi na leza heri kinyamaze. Washairi nao wamo katika kundi hilo, na hao ndio wa kuulizwa kwanza.

Nawaelezwe, basi, kwa Kiswahili hiki hiki. Atomi za rubidiamu katika joto la kawaida hukimbia kiasi cha mita 300 kwa sekunde. Miali ya leza ikizikabili kutoka pande zote, huzipunguza hadi sentimita chache kwa sekunde. Na upole huo wa mwendo ndio ubaridi wenyewe. Kisha mwali mwingine hufinyangwa uwe na uwazi katikati, mfano wa mwanzi: kuta mwanga, ndani giza. Mawimbi yake yakiwa mafupi kidogo kuliko yale ambayo atomi huyapokea, atomi huukimbia mwanga, hubaki gizani na kuifuata njia. Mvuvi wa pwani hahitaji mkalimani hapa. Huo ni uzio: samaki haguswi na ndoana, huongozwa na ukuta. Kwa kuzipoza na kuzinasa atomi kwa mwanga, Steven Chu, William Phillips na Claude Cohen-Tannoudji walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Huyo wa mwisho ni mzaliwa wa Constantine, Aljeria.

Misafara ya karne ya 19 ilipofika Unyanyembe na vitambaa vya Marekani, kitambaa kiliitwa merikani, na hakuna shaha aliyeombwa idhini. Misafara ilikwisha, Kiswahili kikabaki Tabora, mji ambao mtaa wake wa Ng'ambo haumhitaji msomaji wa Unguja kufasiriwa jina. Mji huo huo, katika miaka ya 1940, ulikuwa na mwalimu wa biolojia katika shule ya St. Mary's, Julius Nyerere. Ndiye aliyekuja kuitia tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, katika Kiswahili, ikachapwa 1963. Sayansi na tungo zilikaa kichwa kimoja bila kugombana.

Ufukara wa msamiati nao si udhuru. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Serikali inalaumiwa kwa sekondari kufundishwa kwa Kiingereza, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini nani aliyewakataza malenga? Mwezi wameusifu hadi umechakaa, wala hawajauliza mwanga wake ni kitu gani. Na mtoto wa Ng'ambo, anayekariri fizikia kwa lugha asiyoiotea ndoto, hana wa kumghania.