Sarafu za tembo: usizisugue

Juma hili tufungue kile kikopo kinachokaa chini ya sanduku la nguo, chenye makuta ya chuma ya wazee wetu.

Mama mmoja wa kikundi alirithi sarafu nne kwa mamamkwe wake. Akasikia kuna mgeni anayezinunua. Usiku akasugua tatu kwa majivu na ndimu, kama tunavyosugua sufuria. Zikang'aa. Asubuhi mgeni akazirudisha zote tatu. Alinunua ile ya nne tu, nyeusi-nyeusi, iliyokuwa imesahauliwa ndani ya kitambaa.

Kwa nini? Kwa sababu ile rangi ya kahawia inayokuja kwa miaka ni kama ngozi ya sarafu. Ukiisugua unaacha mikwaruzo midogo, na ngozi hiyo hairudi tena. Mwenye kukusanya sarafu anaiona mara moja.

Basi tujue tulicho nacho. Zile zenye tundu katikati ni sarafu ndogo za santimu, tangu wakati wa Leopold II na miaka ya Kongo ya Ubelgiji iliyofuata. Ile ya njano yenye pembe sita na tembo ni franga 2 za 1943. Ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ile ya chui ni sengi 10 za 1967, wakati wa Mobutu. Na tusikilizane vizuri, sisi wa Butembo na Beni tunaoishi karibu na biashara ya zahabu: hiyo ya njano si zahabu, ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Usikubali mtu aikwaruze au aitie asidi.

Kupima hali yake si kazi ngumu. Ishike kwa ukingo, si kwa uso, maana jasho la vidole linaila. Simama karibu na dirisha, uigeuze polepole. Angalia sehemu zilizoinuka, kama sikio na bega la tembo, kwani ndizo zinazolika kwanza. Wanunuzi wanaofuata desturi ya Kifaransa wanaandika hivi:

B: imelika sana, umbo tu linabaki.
TB: maandishi yanasomeka, lakini tembo amekuwa laini.
TTB: imetumika, lakini alama nyingi ndogo bado zinaonekana.
SUP: karibu haijalika.
FDC: haikupita kamwe mkononi mwa sokoni.

Sarafu moja ya aina ile ile na ya mwaka ule ule inaweza kuwa na bei mbali sana kati ya TB na FDC. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, au kupindwa, inashuka.

Kwa hiyo, usiioshe. Funga kila moja katika karatasi yake kavu. Piga picha pande zote mbili kwa telefone. Uliza watu wawili au watatu kabla ya kuuza, na usimpe mnunuzi wa vyuma anayepima kwa kilo.

Na kabla ya yote, waite watoto wako na mashemeji, waone kile kikopo. Wengi wetu tumekimbia na kuacha nyumba nzima; kilichobaki cha wazee ni kidogo. Kisiuzwe na mmoja gizani, halafu ndugu waache kusalimiana.